Zana Isiyokataa

Bi Hakiki alianza kuingiwa na wasiwasi siku aliyokosea, na kompyuta ikamsifu.

Lilikuwa kosa la kidole tu. Alikuwa akirekebisha kipande cha programu kinachopiga kengele joto likipanda ndani ya friji ya damu, na mahali pa kuandika nyuzi sita akaandika sitini. Friji ya damu ikifika nyuzi sitini si friji tena, ni jiko. Hakuliona kosa lile. Akaamuru majaribio yaanze, akainuka kwenda kujimiminia chai, na aliporudi kioo cha kompyuta kilikuwa kimejaa alama za kijani toka juu hadi chini. Yote yamepita. Akaketi, akapuliza chai, akapitisha macho kwenye mistari yake kwa mazoea tu, ndipo akaiona ile sitini imekaa pale, imejinyoosha kama mgeni asiyealikwa.

Kwanza alicheka. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni.

Maana palikuwa na jaribio mahsusi la jambo lile, na aliliandika mwenyewe. Jaribio liliiambia programu: joto limefika nyuzi saba, je, unapiga kengele? Programu yenye sitini tumboni haikuwa na sababu yoyote duniani ya kupiga kengele kwenye nyuzi saba. Lakini jaribio lilisema imepiga.

Akairudisha sita mahali pake.

Hakiki halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa pale kazini, katika ofisi ya ghorofa ya juu ya jengo lililouza magodoro chini, ambako kikundi kidogo cha watu kilitengeneza programu za kulinda friji na vyumba vya baridi vya hospitali. Kazi yake ilikuwa kujaribu kila kitu kabla hakijatoka mlangoni. Wenzake walimtania kwamba ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Hakukasirika. Kutoa mkono dirishani ndiko kulikompa mshahara.

Aliyemwingiza pale alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake, kijana mcheshi aliyeitwa Fundi na kila mtu, hata na mkurugenzi. Fundi ndiye aliyetengeneza Mkato.

Programu yao haikuwa kitu kimoja. Ilikuwa vipande vingi, kila kipande na faili lake: cha kusoma joto, cha mlango, cha kengele, cha kutuma ujumbe. Mwishowe vyote hufungwa pamoja kuwa kifurushi, na kifurushi ndicho kinachopelekwa hospitali. Zamani, kabla ya kujaribu kipande chochote, ilibidi uielekeze kompyuta njia nzima ya kukifikia: folda fulani, ndani ya folda fulani, ndani ya nyingine tena. Mtu akihamisha folda moja, majaribio yote yanakufa kabla hayajaanza, na asubuhi nzima inakwisha watu wakihangaika na njia badala ya kazi. Fundi akachoka, akaunda zana ya kumaliza adha ile. Ukiwa na Mkato unataja jina tu, "kengele", nayo inakwenda kukitafuta kipande yenyewe na kukuletea. Mkurugenzi, mama mmoja aliyening'iniza miwani kwa kamba shingoni, alimpongeza mbele ya wote. Tangu hapo hakuna aliyekumbuka tena njia za folda, kama vile mtu mwenye dereva anavyosahau barabara.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema lolote juu ya njia iliyofupishwa na fundi.

Mchana ule Bi Hakiki akajisogeza karibu na meza ya shemeji yake, akijitia kuuliza kwa kupita tu.

"Shemeji, hii Mkato yako, ukiiambia ilete kengele, inaanza kutafuta wapi?"

Fundi hakugeuka. "Inatafuta panapostahili."

"Na hapo panapostahili ni wapi?"

"Ah, shemeji! Umeletewa maji mpaka jikoni, sasa unataka kujua bomba limepita chini ya nyumba ya nani?"

Wenzao wakacheka. Naye akacheka, kwa kuwa kununa kungemfanya aonekane ana neno. Lakini alikuwa na neno. Tena aliona jambo jingine: alipokuwa amesimama pale, Fundi alifunga taratibu ukurasa aliokuwa akiusoma, akafungua mwingine usio na maana, akabaki anautazama kana kwamba ndio aliokuwa nao tangu asubuhi.

Siku zilizofuata akaanza kazi ambayo hakumwambia mtu. Kwenye kompyuta yake mwenyewe, bila kugusa ya wengine, akawa anaharibu. Leo anafanya kengele isilie mpaka joto lishuke badala ya kupanda. Kijani. Kesho anaigeuza isilie kabisa, hata friji iungue. Kijani. Mwishowe akalifungua faili la kengele, akafuta kila kilichomo, pakabaki jina tupu juu ya ukurasa mweupe, akaamuru majaribio. Yakakimbia, yakarudi. Kijani, kijani, kijani. Ilikuwa kama kumwita marehemu kwa jina na kusikia akiitika.

Akataka kuifungua Mkato yenyewe aone ndani. Kompyuta ikamjibu kwa mstari mmoja: huna ruhusa. Akamuuliza mwenzake wa meza ya pili kama yeye anayo. Hana. Nani anayo? Fundi peke yake.

Kwa nini mtu afunge kisanduku cha misumari? Swali hilo alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Angeweza kwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Lakini angesema nini? Kwamba zana inayopendwa na ofisi nzima inamtia mashaka, na aliyeiunda ni mtu aliyempa yeye kiti anachokalia? Watu wangesema mgeni kamla mwenyeji. Akaamua kungoja mpaka awe na jambo la kuonyesha, si la kusimulia.

Ndipo akasikia maneno ya kwenye ngazi. Alikuwa akishuka kununua maji, na Fundi alikuwa kwenye kona ya chini, mgongo umeegemea ukuta, simu sikioni. Alisema kwa sauti ya chini, "Ndiyo, anaendelea. Jana tena." Akasikiliza. "Hapana, hajui kwamba najua."

Bi Hakiki akarudi juu kwa ncha za vidole, kiu imekwisha yenyewe.

Mume wake alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu na viti viwili, kimoja kizima na kingine kinachozunguka kikitaka chenyewe. Kwa mashine ya kunyolea alimlea mdogo wake na kumsomesha baba yao alipofariki, na hakuna mteja aliyetoka pale bila kusikia kwamba mdogo wa kinyozi anatengeneza vitu vya kompyuta vinavyookoa maisha. Alasiri ile duka lilikuwa tupu. Alikuwa anapiga brashi meno ya mashine, mkewe amekaa kwenye kile kiti kizima.

"Kuna kitu si sawa kazini," alisema. "Zana ya shemeji inasema kila kitu ni kizima. Hata nikivunja, inasema ni kizima."

"Basi imevunjika. Mwambie airekebishe."

"Nimemuuliza, kanizungusha. Halafu ameifunga, mtu haioni ndani. Na nimemsikia akiongea na simu kwa kujificha."

Brashi ikasimama. "Unataka kusema mdogo wangu anadanganya?"

"Nimesema zana yake inadanganya."

"Zana haina mdomo." Akaipuliza mashine, nywele zikaruka. "Mke wangu, wewe kwa kushuku hujambo. Hata sukari unaionja kabla ya kuitia kwenye chai usije ukawa umetia chumvi. Sikulaumu, ndiyo kazi yako. Lakini ya ofisini iache ofisini. Huyo ni damu yangu."

"Ninayoizungumzia mimi ni damu ya watu wengine. Hiyo iliyo kwenye friji."

Mume wake aliiwasha mashine ingawa hapakuwa na kichwa cha kunyoa, ikanguruma, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Jumapili walikwenda kwa mama mkwe kama kawaida yao. Mama mkwe alikuwa na sebule ndogo yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu, hata juu ya redio, na alipenda wanawe wote wawe mbele ya macho yake. Fundi alikuwa ameshafika. Alimsalimu Bi Hakiki vizuri, akampisha kiti, akamtania kuhusu viatu vyake vipya. Vicheko vyake vilikuwa vilevile. Ila macho hayakuwa yale. Kila Bi Hakiki alipoinua uso aliyakuta yanamtazama, na kila alipoyakuta yalikimbilia kwenye vitambaa.

Wakati vyombo vinatolewa, Fundi akasema, kama anayeongea na kaka yake, "Siku hizi kuna watu wa ajabu. Mtu anavunja vikombe kimyakimya, halafu anapita anauliza wenzake, jamani, vikombe viko salama?"

"Wa wapi hao?" akauliza mama mkwe.

"Wapo, mama. Wengine tunakula nao sahani moja."

Bi Hakiki akajua, bila kujua amejuaje, kwamba Fundi alikuwa anaona kila alichofanya kwenye kompyuta yake. Akamtazama mume wake, na mume wake alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Walipofika mlangoni kwao mume akauliza tu, "Umevunja nini?" naye akajibu, "Kesho utajua," kwa hasira, ijapokuwa yeye mwenyewe hakujua kesho kuna nini.

Kesho yake aliitwa ofisini kwa mkurugenzi kabla hajaweka mkoba chini.

Fundi alikuwa ameketi tayari. Kompyuta yake ilikuwa mezani, imeunganishwa na mashine inayorusha picha ukutani, na juu ya ukuta mweupe palikuwa na jina lake, Bi Hakiki, likirudiwa mstari baada ya mstari. Mkurugenzi alivaa miwani, akaivua, akaiacha ining'inie.

"Kaa, dada. Sipendi kuzungukazunguka. Fundi ameniletea jambo. Anasema Mkato humtumia taarifa kila mtu anapofanya majaribio: nani, saa ngapi, na amebadili faili gani. Aliiweka hivyo ili ajue zana inatumikaje."

"Hatukuambiwa," alisema Bi Hakiki.

"Hamkuambiwa, na hilo nitalizungumza naye baadaye. Lakini taarifa zinasema umekuwa ukiharibu kipande cha kengele. Makusudi. Umekiharibu mara nyingi, na ya mwisho umekifuta chote. Nataka nisikie kwako kabla sijaamini la mtu."

Kwa hiyo ile simu ya kwenye ngazi ilikuwa inaingia chumba hiki. *Anaendelea. Jana tena.* Aliyekuwa anaendelea ni yeye. Bi Hakiki alimtazama shemeji yake, akaona uso wa mtu aliyeumia kweli, si wa mtu aliyefumaniwa, na kwa mara ya kwanza mashaka yake yakamyumbisha mwenyewe.

"Nilidhani unataka kunichafua," Fundi alisema. Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Ulianza kuniuliza Mkato inatafuta wapi. Baada ya hapo ukaanza kuharibu. Nikasema, huyu anataka siku moja kosa litoke na kifurushi, kisha aseme Mkato ndiyo iliyolipitisha. Mimi niliyekuleta hapa, shemeji. Nimekukosea nini?"

"Ni kweli niliharibu," alisema Bi Hakiki. "Kwenye kompyuta yangu tu, na kila mara nilirudisha."

"Unaona?" Fundi akamgeukia mkurugenzi.

"Subiri. Nina swali moja tu." Akainuka, akaenda hadi ukutani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, ule wa siku alipofuta faili zima. "Hapa uliona nimeiua kengele. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na hapa pembeni, hii alama, ni matokeo ya majaribio. Ni rangi gani?"

Fundi alitazama. Mkurugenzi akainua miwani.

"Shemeji, kengele imekufa, na majaribio ya kengele yamepita. Uliona yote mawili kwenye mstari mmoja. Hukushangaa?"

Chini watu waliburuta godoro sakafuni. Fundi akasogeza kompyuta kwake, akaandika kitu, akafuta, akaandika tena. Hakuna aliyemharakisha. Mwishowe akaifungua Mkato yenyewe, ikatokea ukutani kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya mtu mwingine, na akaanza kuisoma kwa sauti ndogo kama mtu anayesoma majibu ya daktari.

Ukiitaja kengele, Mkato haikuanza kutafuta kwenye folda za kazi. Ilianza kwenye kona ya Fundi mwenyewe ndani ya seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, kwenye folda aliyoipa jina ghala. Humo, wakati anaiunda zana, aliweka nakala ya vipande vyote ili apate cha kujaribia. Kazi ilipokwisha alisahau kuziondoa. Mkato ikifika ghalani inaikuta kengele imekaa, nzima, ya zamani, inafanya kazi vizuri. Inaichukua, inarudi nayo. Haina sababu ya kwenda mbali zaidi.

"Kwa hiyo tangu ulipotuletea zana hii," mkurugenzi alisema polepole, "tumekuwa tukijaribu nakala za ghalani."

"Ndiyo."

"Na kazi yote tuliyofanya baada ya hapo haijajaribiwa na mtu."

Fundi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ondoa hilo ghala," alisema mkurugenzi. "Sasa hivi, tukiona."

Akaliondoa. Bi Hakiki ndiye aliyeamuru majaribio, juu ya kazi halisi, ile iliyokuwa imekwisha kufungwa na kupelekwa kwa wateja. Mistari ilianza kushuka ukutani. Kijani chache. Halafu nyekundu. Halafu nyekundu nyingine, zikifuatana kama siafu. Mengi yalikuwa makosa madogo, ya herufi na ya mpangilio. Moja halikuwa dogo.

Miezi michache nyuma wauguzi walilalamika kwamba kengele inawapigia kelele kila wanapofungua mlango wa friji kutoa damu. Mkurugenzi mwenyewe aliandika marekebisho: mlango ukifunguliwa, kengele inyamaze. Alikuwa mtu wa zamani katika kazi hii, na hakuna aliyefikiria kumkagua. Majaribio yalipita. Lakini hakuandika mahali popote kwamba mlango ukifungwa kengele iamke tena. Friji ikifunguliwa mara moja tu asubuhi, kengele ililala mpaka mtu azime mtambo na kuuwasha upya.

Mkurugenzi aliisoma mistari yake ukutani. Kisha akavuta simu ya mezani.

Waligawana hospitali, kila mmoja akapiga zake. Nyingi zilijibu kwamba hali ni shwari. Aliyepokea simu ya Bi Hakiki, katika hospitali mojawapo, alikuwa mtaalamu wa maabara, mama mwenye sauti ya haraka.

"Samahani, dada, naomba upime joto la friji ya damu kwa mkono. Usiitegemee ile skrini ya nje."

"Kwa nini? Kengele haijalia."

"Najua haijalia. Nakuomba upime."

Akasikia nyayo zikienda, mlango ukifunguka, kimya, nyayo zikirudi, safari hii mbiombio.

"Nyuzi kumi na moja," alisema yule mama. Halafu sauti ikabadilika. "Nyinyi ni watu gani? Imekuwa hivi tangu lini?"

Bi Hakiki akamweleza jinsi ya kuzima na kuwasha upya, akamwambia asimpe mgonjwa hata mfuko mmoja wa damu ile. Nyuma ya sauti ya yule mama alimsikia mtu mwingine akisema kwamba yupo mama wa kufanyiwa upasuaji asubuhi hiyo, na mwingine akijibu, basi aambiwe asubiri. Simu ikakatwa bila kwaheri.

Damu yote ya friji ile ilimwagwa. Yule mama wa upasuaji alipelekwa hospitali nyingine, na baada ya muda wakaambiwa kwamba yuko salama. Kuhusu wagonjwa wa siku za nyuma, hospitali ilisema haikuona tatizo lolote. Bi Hakiki aliipokea habari ile kama alivyopokea kila habari njema siku hizo: alisema ahsante, asiiamini yote. Kampuni iliwatumia wateja wote maelezo ya kosa bila kuficha kitu, na mkurugenzi akaandika kwa mkono wake kwamba marekebisho yale yalikuwa yake. Hospitali ile ya nyuzi kumi na moja ikavunja mkataba. Hakuna aliyeilaumu.

Mama mkwe alimlaumu Bi Hakiki. Habari zilimfikia zikiwa zimegeuka kichwa chini miguu juu: kwamba mke wa kinyozi amemuumbua mwanawe mbele ya wakubwa. Jumapili moja alimpakulia kila mtu akamruka yeye, kisha akajifanya amesahau. Mume akampa sahani yake, akaenda mwenyewe jikoni kujipakulia. Bi Hakiki alitamani kulia, akala.

Fundi alikuja dukani kwa kaka yake katikati ya juma, saa ambayo alijua shemeji yake hupita pale akitoka kazini. Alikaa kwenye kile kiti kibovu, kikazunguka naye mpaka akatazamana na ukuta, akajirudisha kwa mguu. Kaka yake akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine.

"Shemeji," Fundi alisema kupitia kioo, "unaweza kuniuliza. Najua unataka."

Bi Hakiki alikuwa amesimama mlangoni, mkoba bado begani. "Ulijua?"

Mashine ilizimwa. Mume wake naye alitaka kusikia.

"Mwanzoni sikujua kitu. Wallahi. Niliona kijani, nikafurahi kama mjinga, nikaona nimewaokoa watu wote. Ulipoanza kuharibu nikakasirika, na hasira ikanipa kitu cha kutazama." Akashusha macho. "Lakini siku ile ulipofuta faili zima... niliona ile alama. Kikanipita moyoni kitu kama ubaridi. Ningefungua ningejua papo hapo. Nikampigia mkurugenzi badala yake, nikakusema wewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kama si wewe mwenye kosa, ni mimi. Sikutaka kufungua."

Nje mtu alipita akiita jina la mtu mwingine. Bi Hakiki alimchunguza yule kijana kwenye kioo, nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado, akitafuta usoni mwake mahali ambapo uongo ungeweza kujificha. Hakupaona. Wala hakuweza kuapa kwamba hapapo. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba yeye pia alikuwa amekaa siku nyingi akimpeleleza mtu ambaye angeweza kumshika mkono na kumwambia, njoo uone hii.

"Ningekuja kwako kwanza," alisema, "kabla ya kuvunja chochote. Nilikuogopa."

"Unaniogopa mimi?" Fundi karibu acheke.

"Nilikuogopa kwa sababu nakupenda, mpumbavu wewe. Ungekuwa mtu baki ningekuuliza mbele ya watu siku ileile."

Mume wake akakohoa, akaiwasha mashine, akaendelea na nusu iliyobaki. Mkono wake wa pili ukatua juu ya kichwa cha mdogo wake, ukakaa pale muda mrefu kuliko inavyohitaji kazi ya kunyoa.

Mkurugenzi hakumfukuza Fundi. Alitaka Mkato itupwe, watu warudi kwenye kuandika njia ndefu, na wafanyakazi karibu wote wakamuunga mkono kwa midomo mirefu. Bi Hakiki ndiye aliyepinga. Alisema kufupisha njia si dhambi, dhambi ni kutosema umepita wapi. Iandikwe upya. Ikileta kipande iseme kwa sauti imekitoa folda gani. Ikikuta viwili vyenye jina moja isichague, isimame, imwite mtu. Majaribio yafanyike juu ya kifurushi kilekile kitakachotoka mlangoni. Na taarifa za nani amefanya nini zifutwe, au wazione wote.

"Na nani ataisimamia?" mkurugenzi akauliza.

"Yeye," alisema Bi Hakiki. "Na mimi."

Asubuhi iliyofuata Fundi alivuta kiti hadi meza yake, akaandika neno la siri mbele yake bila kuficha vidole, akampa ruhusa. Mkato ikafunguka kwenye kioo cha Bi Hakiki toka mstari wa kwanza. Ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani, nadhifu mahali pengine, na mahali pengine imeshonwa viraka kama suruali ya kazi.

"Sasa hapa," Fundi alianza, kidole tayari juu ya kioo, "hapa nilikuwa na maana ya..."

"Nyamaza kwanza, shemeji," alisema Bi Hakiki, akivuta kiti mbele. "Niache nisome mwenyewe. Nikikwama nitakuuliza."

Fundi akarudisha kidole chake. Akafumbata mikono, akakaa kimya ubavuni mwake, akimtazama anavyosoma.